Askari Aliyeangukia Zizi la Nguruwe

Saluni yangu ya Makambako ina televisheni ukutani. Mteja wa rasta hukaa saa nyingi, kwa hiyo filamu hazikosekani. Siku ile niliweka moja ya kuchekesha, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili: wafungwa watatu wanatoroka gerezani kwa trekta, kisha wanazunguka nchi nzima wakiwa wamevaa majoho ya kwaya waliyoyaiba kwenye kamba ya nguo.

Niliyekuwa namsuka alikuwa mama mmoja wa Kitandililo, mpole, si msemaji. Kwenye draya alikaa mwalimu wa shule ya msingi. Mlangoni alisimama jirani yangu muuza parachichi, ameiacha meza yake ili aangalie.

Kabla ya kutoroka, wafungwa walimkuta askari wao amesinzia, wakamfunga kamba za buti, ya kushoto kwa ya kulia. Akaamka, akapuliza filimbi, akatupa hatua moja, puu! Uso ndani ya zizi la nguruwe. Tulicheka mpaka rasta ikaniponyoka.

"Wana akili hawa," alisema muuza parachichi. "Mimi nawaombea wasikamatwe."

"Siipendi," alisema mwalimu. "Inafundisha watoto kwamba mwizi ni shujaa." Lakini naye alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Nikamwinamia mteja wangu. "Na wewe mama, unaionaje?"

"Yule askari wamemwonyesha tena?"

"Bado. Nafikiri kazi yake imeishia pale."

"Ya mume wangu pia iliishia hivyo," alisema.

Akatueleza huku akiangalia kioo. Mumewe alikuwa askari magereza. Siku moja aliwapeleka wafungwa kupasua kuni, mmoja akaingia kwenye msitu wa misindano, asionekane tena. Mume akashtakiwa kwamba alimwachia. Hakutiwa hatiani, lakini kazini hakurudi. Walihama nyumba ya kambini na watoto wanne, mvua inanyesha. "Watu walicheka hata wakati ule," alisema.

Muuza parachichi alirudi kwenye meza yake bila kuaga. Mwalimu akasema, "Pole, mama. Ni filamu tu." Nikazima televisheni, lakini mama alikuwa ameshasimama. Nusu ya kichwa chake ilikuwa bado timutimu. Akajifunga kitambaa, akasema amekumbuka jambo nyumbani.

Kesho yake nilifunga saluni mapema, nikachukua kitana na nywele, nikaenda Kitandililo kummalizia. Mumewe alikuwa upenuni anachonga mpini wa jembe. "Kamwene," alinisalimu, akanivutia kigoda. Nilikuwa nimeshika rasta ya kwanza aliposema, "Nasikia mliangalia filamu ya wafungwa. Hebu nisimulie."

Nilimtazama mkewe. Nikasimulia trekta na majoho, nikamruka askari.

"Na mlinzi wao alikuwa wapi?" aliuliza.

Ikabidi niseme: usingizi, kamba za buti, filimbi, zizi.

Alicheka hadi akaweka panga chini na kushika mbavu. "Ya kushoto kwa ya kulia!" Nilihisi mabega ya mkewe yakitetemeka, nikadhani naye anacheka. Nilipoinama nikaona analia.

"Heri yeye alikuwa amelala," mume alisema alipotulia. "Mimi nilikuwa macho. Nilimwona akiondoka."

Mkewe aligeuka kwa nguvu hadi nywele zikanichomoka mkononi. "Ulimwona?"

Aliokota panga, akaendelea na mpini wake, polepole, kama mtu aliyeachwa peke yake. Mama alinigeuzia tena kisogo. Nilisuka mpaka rasta ya mwisho. Nilipoaga, mume peke yake ndiye aliyeitikia.

Sijui walizungumza nini baada yangu. Nilikwenda pale kurekebisha kosa langu, nikarudi nikiwa sina hakika nimewafanyia nini. Yule mama hajaja tena saluni, na mimi nimeona haya kumfuata.