Baba Ni Mzima

Baba yangu hakupishana na mtu bila kumsalimu. Alikulia Karagwe, Tanzania, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima, na Kiswahili alichotoka nacho hakukiacha mpakani. Asubuhi, pale mtaani kwetu Kimisagara, chai hainyweki kabla sijamwamkia. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umeamkaje?" Mama jirani alikuwa anachungulia dirishani na kuitikia yeye, "Malahaba!" na baba anacheka mpaka chai inamwagika. Wakati ule niliona aibu. Siku hizi nazitamani asubuhi zile.

Yeye mwenyewe ukimwuliza hali, jibu ni moja tu: mzima. Ana homa, mzima. Jino limemvimbisha shavu, mzima, namshukuru Mungu. Mimi niliyerithi mdomo wa marehemu mama nilikuwa namwambia, "Baba, wewe utakufa huku unasema mzima!" Ananijibu taratibu, "Salamu si mahali pa kulia, mwanangu. Mtu kakupa heshima, wewe unamtwika shida zako?"

Alikuwa fundi mwashi, na kazi yake ya mwisho ilikuwa Kinyinya, kwenye ghorofa la mtu mwenye nazo. Ubao ulitoka juu ya jukwaa ukamwangukia kichwani, na helmeti hakuwa amepewa. Alizimia, kisha akazinduka. Wenzake wakamwuliza hali, naye akawajibu kama kawaida yake. Msimamizi akampa kidonge cha maumivu, akamwitia pikipiki, basi, kwaheri mzee.

Jioni alitapika, akatapika tena, akaanza kusinzia sahani ikiwa mapajani. Nikamtazama machoni nikaona mboni moja imepanuka kuliko ya pili. Sikungoja kumuuliza chochote. Kwenye kituo cha afya muuguzi akamwuliza, "Mzee, unajisikiaje?" Baba akafungua mdomo, nami nikamkatiza mbele za watu, "Baba, nyamaza!" Sikuwa nimewahi kumkatiza maishani mwangu. Nikaeleza mimi: kapigwa kichwani, kazimia, anatapika, usingizi huu si wa kawaida. Ambulensi ikaitwa pale pale. Hospitali kubwa walimpiga picha ya kichwa, wakakuta damu imevujia ndani, wakampasua. Daktari aliniambia kwamba angelala nyumbani asingeamka. Akaongeza kwamba kumbukumbu zake huenda zikawa zinakuja na kuondoka, lakini hilo nililisikia kwa sikio moja, maana baba alikuwa hai.

Baada ya siku chache msimamizi alikuja wodini na juisi na maparachichi, simu mkononi. "Mzee, amakuru, habari gani? Iko mzima?" "Mzima, namshukuru Mungu." "Hakuna tatizo?" "Hakuna, bwana." Nilidhani ni mtu mwema. Kumbe anarekodi! Tulipoomba mwajiri agharamie matibabu yaliyobaki, tulijibiwa kwamba mzee mwenyewe amesema hana tatizo, na sauti yake ipo. Nilitukana siku hiyo, sifichi.

Nikatafuta msaada wa kisheria. Wakili, dada mmoja wa sauti ya chini, aliniagiza nitunze vyeti vyote vya daktari, nimpate fundi aliyeuona ubao ukianguka, twende kwanza kwa mkaguzi wa kazi wilayani, na nisigombane na mtu yeyote. Yote niliyatimiza, ila hilo la mwisho. Hata hivyo wakili alikuwa na hofu moja, nami nilikuwa nayo: baba angeulizwa hali yake.

Nyumbani nilimfundisha kama mtoto. "Baba, wakikuuliza, sema siko mzima. Kichwa kinauma, mkono unatetemeka." Akanitazama kwa huruma. "Hayo nitayasema baada ya salamu." "Baada ya salamu watakuwa wameshafunga faili!" Akacheka. Nyumbani alikuwa ananijua vizuri, ananitania, na mimi nikajipa moyo kwamba akili yake imesalimika.

Siku ya kusikilizwa shauri letu kwa mkaguzi, msimamizi aliiwasha ile sauti. Baba alitega sikio, akatabasamu. "Naam, ndimi huyo." Nikasema moyoni, tumekwisha. Mkaguzi, mtu wa makamo aliyekulia Tanzania kama baba, akamgeukia kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Hujambo?"

"Marahaba. Sijambo, mzima kabisa."

"Habari za nyumbani?"

"Njema."

"Na watoto, hawajambo?"

"Hawajambo. Ninaye mmoja tu, wa kike. Yuko shule, darasa la tano. Naomba mniruhusu mapema, ananisubiri getini, na akichelewa kuchukuliwa huwa analia." Kisha akanigeukia mimi niliyemshika mkono, mimi mwenye watoto wawili, akaniambia kwa upole, "Samahani, dada, unaweza kunionyesha njia ya kutokea?"

Msimamizi aliizima simu. Mkaguzi akavisoma vyeti vya daktari kimoja kimoja, akamsikiliza fundi shahidi, akaamua matibabu yote yawe juu ya mwajiri. Msimamizi alitia sahihi bila ubishi. Wakili akanikumbatia, akasema tumeshinda, na ni kweli tulishinda. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti, namwonea wivu yule mtoto wa darasa la tano, kwa sababu yeye baba alikuwa anamkumbuka.