Mabaka ya Sindano

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa mengi siku hizi yananitoka. Tulikuwa tunachuma pamba Lalago, kwenye shamba la mama mkwe wangu, na mimi nilikuwa na siku tatu sijajidunga sindano ya sukari.

Nilikuwa mke mpya, hata mwaka sijamaliza kwenye mji ule. Dawa nilikuwa nimeianza wiki chache tu nyuma, asubuhi na jioni, na kila nilipochoma tumboni palitoka baka jekundu, likavimba, likawasha mpaka machozi. Nikajikuna kwa siri. Nikapaka samli, nikapaka na majivu, ujana huo. Mwisho nikawaza kwamba dawa inayonifanya hivi itaniua, nikaiacha kimya kimya. Sikutaka mama mkwe aseme kaletewa mkwe mgonjwa.

Siku hiyo ya tatu kiu ilinishika, nikatapika, nikakaa chini kati ya mistari ya pamba, pumzi zikawa nzito. Mama mkwe akaja kunilegezea khanga nipate hewa, akaliona tumbo.

“Hii ni nini, mayu?” Kwetu mayu ni mama, na hivyo ndivyo alivyoniita hata akikasirika.

Nikamweleza yote.

“Ng'ombe wangu akichomwa sindano, jioni nampapasa nione kama pamevimba,” akasema. “Wewe ni mtu. Umekaa na haya peke yako ndani ya nyumba yangu?”

Maneno hayo yaliniuma kuliko sindano. Akanipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, tukapata gari, nikalazwa siku sita. Nilipopata nafuu muuguzi alitaka nijidunge mbele yake. Akaona nachoma palepale kila siku, tena spiriti ya kusafishia ngozi haijakauka. Akaniambia ngozi za wengine hulalamika mwanzoni, kisha hutulia. Yangu ilitulia baada ya wiki kadhaa.

Sitakudanganya kwamba nimezoea. Nimechoka, mwanangu. Kuna asubuhi naitazama sindano muda mrefu kabla ya kuishika. Lakini naishika.

Nawe, tangu uanze sindano hizi hizi, nimekuona ukijikuna, ukishusha blauzi haraka nikiingia. Basi nisikilize. Badilisha mahali pa kuchoma, leo huku, kesho kule. Spiriti ikauke kwanza. Usikune, wala usipake kila unachoshauriwa mnadani. Pakiendelea kuwasha nenda kliniki kaulize, maana kuuliza si ujinga, ila dawa usiiache kwa uamuzi wako. Na uso ukivimba, au mwili mzima ukitoka vipele, au pumzi ikibana, usingoje hata kufunga mlango, wahi hospitali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kilinikosa kidogo tu.

Nenda, mwanangu, Mungu akutunze. Na siku utakapochoka kama nilivyochoka mimi, akujalie iwe ni kwa uzee.