Povu la Kijani Mdomoni mwa Bwana Afya

Asubuhi ile Bwana Afya wa mji wetu alitoka barazani akipiga mswaki, povu limemjaa mdomoni, kijani kibichi kama mjusi.

Mkono wangu ulihusika. Subirini niwaeleze.

Wiki kadhaa kabla, macho ya watu yalianza kugeuka njano. Homa ya ini. Mmoja, watano, hadi ishirini na tatu. Mke wa kinyozi, mjamzito wa miezi saba, akalazwa hali mbaya.

Mji ukatafuta mchawi, ukampata shangazi yangu mwenye kantini.

Bwana Afya akaja na kufuli. "Wagonjwa wamekula kwako, mama. Siku saba, kisha leseni naifuta."

"Na wewe umekula kwangu miaka kumi," shangazi akamjibu. "Mbona umenenepa tu?"

Watu wakacheka. Kufuli likafungwa.

Shangazi kanilea tangu nina miaka minne, na jiko lile ndilo lililonilea pamoja naye. Mimi ni fundi bomba. Sikusomea, nimejifunza kwa kufungua na kufunga. Sikubishana na mtu. Nilichukua daftari nikapita nyumba kwa nyumba.

Tisa kati ya wagonjwa hawajawahi hata kunusa sufuria za shangazi. Mmoja ni bibi asiyetoka kitandani mwaka wa pili huu.

Lakini wote ishirini na tatu wanaishi chini ya barabara, laini moja ya maji. Wa juu ya barabara hula kantini kila siku, wazima kama chuma.

Laini hiyo inapita kando ya bomba la maji machafu. Na maji yetu hukatwa kila mchana. Bomba likiwa tupu, penye ufa hunyonya chochote kilicho nje.

Nikampelekea Bwana Afya daftari. Hakulifungua.

"Fundi, wewe shughulika na koki. Magonjwa tuachie tuliosoma. Maji hayo hayo nayanywa mimi!"

"Basi kesho usiyaguse, mzee. Nayapima."

"Nitayaoga, na mswaki nitapigia!"

Haya.

Nikaonya mtaa mzima wasifungue bomba. Maji yalipokatika, nikamwaga chupa tatu za rangi ya kijani ya kupambia keki kwenye shimo la bomba la maji machafu.

Asubuhi maji yakarudi. Mengine mnayajua.

"Umeninywesha nini?" alifoka, akitema.

"Mimi nimeweka rangi tu, mzee. Kilichobaki ni cha mtaa."

Alikimbilia ndani. Alipotoka, aliagiza laini ifungwe na majembe yaje.

Saa nne bomba likaonekana, hatua chache kutoka kantini. Limepasuka, limefungwa kwa tyubu ya baiskeli, na tyubu imeoza.

Bwana Afya akapata pumzi mpya. "Haa! Mlangoni pa kantini! Mama, nani alikuunganishia maji ya wizi? Hii sasa si leseni tena, ni kesi."

Shangazi akasogea ukingoni mwa shimo kutazama.

Mimi nilikuwa naikodolea macho ile tyubu. Mizunguko saba, ikamaliziwa na waya wa shaba uliopindwa kwa mkono wa kushoto.

Mji huu una fundi mmoja wa mashoto.

Nikakumbuka. Mvua za mwaka juzi, niliitwa nizibe haraka. Nilisema, "Hii ni ya muda, kesho narudi."

Sikurudi.

Koleo lilikuwa mkononi mwangu. Ningefukia, nani angejua?

"Ni mimi," nikasema. "Shangazi hahusiki."

Kinyozi alikuwa pale. Aliniangalia, akageuka na kwenda zake. Heri angenipiga.

Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, daftari lako limepita nyumba zote, likaruka yako?"

Kufuli lilitolewa siku hiyo. Bomba jipya nililaza mwenyewe. Kisha kila asubuhi nikawapelekea wagonjwa maji yaliyochemshwa, nyumba kwa nyumba. Kinyozi alikuwa akipokea ndoo na kufunga mlango.

Siku mkewe alipojifungua salama, mlango ulibaki wazi.

"Ingia umwone mtoto," akasema. "Ila usishike bomba lolote."

Ndugu zangu, kiraka cha muda hakijui kwamba ni cha muda. Anayejua ni wewe uliyekiweka. Ukiahidi kurudi kesho, rudi.