Maua ya Ukutani

Juzi pale Nyamitanga nilimwona mtoto akichora ua kwa kidole kwenye vumbi la gari, na mara nikasikia tena harufu ya samadi mbichi na majivu.

Nilikuwa mdogo, na Mama alikuwa akisiriba kwa mchanganyiko huo nyumba yetu ya Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi. Ukuta ukiwa bado na unyevu, alichovya vidole kwenye udongo mweupe akachora maua, kama yale ya nyumba tuliyoikimbia kwetu Fizi wakati wa vita.

"Mama Furaha, unamupambia nani?" jirani alimcheka. "Si tutarudia kwetu?"

"Leo nalala humu," Mama akajibu bila kugeuka.

Mimi nilijua anampambia nani. Baba alikuwa amebaki nyuma, na niliamini angeitambua nyumba yetu kwa maua yale, kati ya nyumba nyingi zilizofanana. Kwa hiyo mvua ilipoanza kupiga na maua yakachuruzika kama maziwa, nililia kwa sauti.

"Baba hatatuona!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Baba yako? Hata kule Fizi hakuonaka maua. Aliangaliaka sahani tu. Haya ni ya macho yangu."

Sikumwamini, hadi Baba alipofika miezi mingi baadaye, akapita mbele ya maua bila kuyatazama, akauliza kama ugali umeiva.

Lakini siku ile mvua ilipokatika, Mama alichovya vidole akaanza upya palepale. Nikafuta machozi, nikachovya vyangu. Ua langu lilitoka kama mguu wa kuku. Nikachora lingine.