Mama wa Fagio Akataa Watoto Wapimwe Korokoroni

Saa kumi na mbili asubuhi, Leonida Aoko anafungua mlango wa mbele wa boma la zamani la serikali, kwenye kilima cha Got Kamuga, mwendo mfupi kutoka mjini Homa Bay. Anavua viatu, anaviacha kizingitini, kisha anaanza kufagia. Leo Jumatano ni siku ya kliniki, na barazani akina mama wameshakaa, watoto mgongoni.

Anafuta mabenchi. Anafungua madirisha marefu yanayotazama ziwa, na upepo unaingia. Mwisho anazunguka nyuma kwenda kurudisha fagio katika chumba ambacho hakipendi, ambacho sasa ni stoo.

Jengo lenyewe ni zuri, na uzuri wake ndio uliozua ugomvi. Kuta ni za mawe mazito, paa ni la mabati mekundu, dari ni ya mbao, na baraza pana imelizunguka pande tatu. Wakoloni walilijenga huku wao wamekaa kivulini. Mawe yalibebwa kichwani na wanakijiji, kwa amri, na mmoja wao alikuwa Japheth, baba yake Leonida.

Ukumbi mkubwa ulikuwa mahakama. Mzungu alikaa juu ya jukwaa, wenyeji wakasimama chini. Wakati wa vita vijana waliandikishwa humo kwenda Burma. Uhuru ulipokuja, jukwaa likang'olewa, zikaletwa mizani na mabenchi, na tangu hapo watoto wanapimwa na kuchanjwa pale pale baba zao walipohukumiwa. Siku moja ya kliniki huja akina mama zaidi ya sitini, wengine wakitembea tangu alfajiri.

Sasa ofisa mpya wa serikali ameutaka ukumbi huo. Ameamua uwe klabu ya maofisa, mahali pa kunywa bia na kurusha vishale jioni. Kliniki ihamie chumba cha nyuma, na Leonida ameamriwa kuyahamisha mabenchi Jumatatu ijayo.

Chumba hicho cha nyuma ni korokoroni ya zamani. Mlango wake ni wa chuma, na hewa yote hupita katika tundu moja lenye nondo, juu karibu na dari. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: Bwana Ofisa hangekubali mkewe akae mle na mtoto mchanga hata kwa nusu saa.

Phelesia, muuguzi wa kliniki, alimweleza kwamba watoto wenye kikohozi wataambukizana humo. Akaambiwa awashukuru waliompa chumba.

Leonida ana jambo lake zaidi. Mwaka wa nzige, baba yake alishindwa kulipa kodi ya kibanda, akafungiwa mle, nyuma ya mawe aliyoyabeba mwenyewe. Leonida, wakati huo msichana, alimpelekea uji kila siku. Siku moja askari alimrudisha na kibuyu chake kikiwa kimejaa.

"Waliniambia baba amezikwa usiku," anasema. "Hawakungoja mtu wa nyumbani. Mpaka leo hatujamfanyia tero buru."

Tero buru ni desturi ya Wajaluo ya kukifukuza kifo. Wanaume hubeba mikuki, huswaga ng'ombe kwa ngoma na nyimbo, wakikisindikiza kifo hadi mbali na boma la marehemu. Bila hiyo, mama wa huku hamwingizi mtoto mchanga mahali mtu alipofia. Ndiyo maana habari za kuhama zilipoenea, wengi walisema watabaki nyumbani na watoto wao.

Ofisa alipolisikia hilo, alifurahi. Kumbe shida ni mzimu tu! Alimwita Leonida ofisini, akatoa ruhusa ya ng'ombe kupita uani Jumamosi, hata akaahidi sukari ya chai. Aliamini kwamba ngoma zikinyamaza, akina mama watajipanga wenyewe mlangoni pa korokoroni.

Leonida alimshukuru, akatoka.

"Buru ni ya baba yangu. Hiyo ni deni yetu, si ruhusa ya mtu kutufungia," anasema. "Tukimaliza, ile chumba itakuwa safi. Na bado haitakuwa na dirisha. Yeye anafikiri tunaogopa mzimu peke yake. Sisi tunajua korokoroni tukiiona."

Anajua anaweza kufukuzwa. Mumewe alishafariki, na mshahara huu mdogo ndio unaowasomesha watoto wake wawili. Hata hivyo hajifichi, na ameomba jina lake liandikwe kamili.

Anatamani siku moja ukuta wa nyuma utobolewe, korokoroni igeuzwe jiko la kuwapikia uji watoto wanaotoka mbali. Lakini hilo ni la baadaye. Kwa sasa anapita barazani, anainama kwa kila mama na kumnong'oneza neno. Anawaomba waje tena Jumatatu, ingawa si siku ya kliniki.

"Nitafungua mlango mapema," anasema. "Kila benchi itakuwa na mama na mtoto wake. Kama Bwana Ofisa anataka hizo benchi, aje azibebe mwenyewe, na sisi tumekalia."