Mama Kitalu na miti ya Julai

Jumanne, Julai 15, 2025, saa nne na robo asubuhi, Germana Hhando amesimama nyuma ya wageni, kopo la kumwagilia mkononi. Ni siku ya miti katika shule moja ya sekondari kata ya Endabash, wilayani Karatu. Kila mwaka ni hivyo: basi dogo linaingia, kwaya inaimba, wageni kutoka shule rafiki ya ng'ambo wanakagua miti ya ziara zilizopita, kisha wanapanda mingine.

Kila mti una kibao chenye jina la aliyeupanda.

Msichana mmoja mgeni, wa miaka kumi na saba, anasimama kwenye kibao chake. Anautazama mti. Anatoa simu, anaitazama, anautazama mti tena. Kwenye picha ya miaka miwili iliyopita ameshika mche wa mringaringa, majani mapana kama kiganja. Uliosimama mbele yake ni mgrevilea, majani yamechanikachanika kama unyoya.

Anauliza kwa Kiingereza. Mwalimu Modest, mratibu wa programu za nje ya darasa, anamjibu haraka kwamba mti huu ukikua hubadilisha majani.

Sebastian, mtembeza wageni aliyekuja nao, ni mtoto wa mkulima wa Mbulumbulu. Anakohoa. "Tangu lini, Mwalimu?" anauliza kwa Kiswahili.

Msichana anamgeukia Germana, anamnyooshea simu. Sebastian anatafsiri: "Mama, anauliza kama huu ndio mti wake."

"Wa kwake ulikufa Septemba ya mwaka uleule," Germana anajibu. "Huu nimeupanda mimi."

Sebastian anasita, kisha anatafsiri yote. Wageni wanatawanyika, kila mmoja anatafuta kibao chake. Mwingine anauliza ni miti mingapi iliyopandwa kweli na wenye majina.

"Kati ya themanini na sita? Kumi na mmoja."

Siku hiyo hakuna aliyepanda.

Germana ana miaka 52. Alizaliwa Daa, akamaliza darasa la saba huko, akaolewa Endabash. Shuleni wanamwita Mama Kitalu. Aliajiriwa mwaka 2019, ushirikiano na shule rafiki ulipoanza, atunze kitalu cha miche kwa shilingi 120,000 kwa mwezi. Ushirikiano huo ulileta maktaba, mdahalo wa Kiingereza, barua za kuandikiana na wanafunzi wa ng'ambo, klabu ya mazingira na safari moja kwa mwaka ya kidato cha tatu kwenda Kreta ya Ngorongoro.

Na miti. Miti ilipangwa Julai kwa sababu shule za wageni hufunga Julai.

Mkulima yeyote wa Karatu, hata asiyejua kusaini jina lake, anajua Julai ni mwezi gani. Mvua za masika zimekwisha, upepo unakausha ardhi, hata mbigili zinanyauka. Mvua inarudi Novemba. Lakini mkulima huwa haalikwi kalenda inapopangwa.

"Mwaka ule wa kwanza nilimwambia, Mwalimu, Julai hatupandi," anasema Germana. "Akaniambia, mama, wageni hawaji Novemba. Basi. Nikapanda."

Alimwagilia kwa punda mmoja na madumu manne, kutoka kisima kilicho umbali wa kilomita mbili. Safari tatu kwa siku. Kufikia Oktoba miti mingi ilikuwa vijiti.

"Nikauliza, sasa nifanye nini? Nikajibiwa kibao kisikae peke yake."

Kwa hiyo mvua ilipokuja alipanda upya, kila penye kibao. Miringaringa ilipoisha kitaluni alipanda migrevilea. Hiyo ilishika, kwa sababu ilipandwa wakati wake. Kwa miaka sita wageni wamepigwa picha na miti yake.

Siku tisa baada ya ziara, barua ikaja kutoka shule rafiki: programu zote zimesimama hadi maelezo yapatikane. Germana naye akapewa barua yake: akae nyumbani asubiri maelekezo. Mwalimu Modest hakupewa barua. Kosa la ofisini halikai ofisini. Hutafutiwa mwenye jembe.

Wanafunzi 44 wa kidato cha tatu walikuwa waende Ngorongoro Jumamosi ile. Magari ya watalii wanayaona kila siku yakipita Karatu. Kreta yenyewe hawajaiona. Basi likafutwa.

"Mama Kitalu!" wanamzomea akipita njiani. "Tembo wanakusalimia!"

"Waambieni nakuja," anawajibu bila kusimama. "Nina nafasi sasa."

Nyumbani, mumewe Lazaro hana huruma zaidi.

"Mama Patrisi, ungenyamaza tu. Ungesema ndiyo, ni wako. Mti una kitambulisho?"

"Mtoto wa watu kaniuliza usoni, Baba Patrisi."

"Na wewe una uso gani sasa, wa kukaa nyumbani?"

Wanabishana mpaka maharage yanaungua jikoni. Ni bahati, kuwa na mtu wa kubishana naye.

Leo, katikati ya Oktoba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Germana yuko kitaluni. Mlinzi anamfungulia geti dogo na kugeukia upande mwingine. Ameambiwa akae nyumbani, lakini miche haijaambiwa. Anainua mfuko mmoja mmoja, anakata kwa wembe mizizi iliyotoboa chini kutafuta ardhi, anaurudisha. Miche ni 640. Isipopandwa mvua hizi, mizizi itajizungusha ndani ya mfuko, na mti wa namna hiyo haufiki mbali.

Flaviana, mwenyekiti wa klabu ya mazingira, yuko kidato cha tatu. "Nilimkasirikia wiki nzima," anasema. "Kreta ningeiona. Halafu nikakumbuka mbegu tuliokota wenyewe, tukajaza mifuko wenyewe. Hakuna mgeni aliyekuwepo."

Mpango wa Germana ni mdogo. Shule ina wanafunzi 612. Wiki ya kwanza ya mvua, kila mmoja abebe mche akaupande kwao, Endabash, Daa, popote. Bila kwaya. Inayobaki ipandwe shuleni.

Ofisini jibu ni kwamba miche ni mali ya programu, na programu imesimamishwa, kwa hiyo haiwezi kutoka.

Kwa simu, Mwalimu Modest anasema: "Mimi natekeleza kalenda. Kalenda si yangu." Mkuu wa shule anasema suala liko bodi. Bodi imekaa mara mbili. Mara ya kwanza ilipitisha ajenda na chakula cha mchana. Mara ya pili akidi haikutimia.

Mwezi uliopita Germana alimwomba Flaviana amwandikie barua kwa bodi. Nakala yake ina muhuri wa kupokelewa, Septemba 22. Haina salamu ndefu. Inasema mbegu waliokota wanafunzi, samadi ilitoka zizini kwa Lazaro, maji yalibebwa na punda, na kwamba mawingu yameanza kuonekana upande wa msituni. Kisha inauliza:

"Sasa naomba kujua, miche hii ni ya nani?"