Mtoto Aliyelia Kambini

Aliyesema hema ni nyumba hajawahi kulala ndani yake. Mimi nimelala kwenye hema, miaka ya hamsini, katika kambi ya barabara kati ya Iringa na Mbeya, na nasema wazi: hema ni nguo tu. Jirani akikohoa, unadhani mnalala kitanda kimoja. Akiweweseka, unajua anagombana na nani.

Nilikwenda huko na mtoto mchanga mgongoni kwa sababu nilimtaka mume wangu. Aliondoka kwetu Ipogolo, karibu na mji wa Iringa, kwenda kuchimba mitaro ya barabara kabla mimba yangu haijaonekana, na mtoto alizaliwa baba yake hayupo. Mama alisema nina wazimu. Huenda, lakini nilipanda lori.

Mume wangu alitupokea kama wageni wa heshima. Alitandaza nyasi kavu, nene, akaweka magunia juu. Jioni alilegeza kamba za hema, maana umande ulizikaza hadi zikang'oa vigingi. Alipasha mawe motoni, akayafunga kwa matambara na kutuwekea miguuni. Mtoto hakujali matunzo hayo yote. Baridi ilimziba pua, akalia kila usiku, na mahema yote yakakesha naye.

Jirani yetu alikuwa Mnyakyusa wa makamo, mrefu, mkali wa maneno. Kwao watu husalimiana kwa kuulizana usingizi: "Ugonile?", yaani, umelala? Nawe hujibu kwamba umelala, hata kama umekesha kwa maumivu ya jino. Yeye aliivunja adabu hiyo makusudi. Kila asubuhi, akisalimiwa mbele za watu, alijibu, "Sikulala. Kuna mtoto." Nilimchukia kwelikweli.

Maneno yakamfikia nyapara, msimamizi wa kambi. Akaja jioni hadi mlangoni kwetu.

"Watu wangu wanasinzia kazini, watajikata na majembe. Leo akilia tena, kesho mama na mtoto wapande lori, warudi Iringa."

Mume wangu alimchukua mwanawe, akamviringisha ndani ya sweta lake la pekee.

Usiku ule mtoto alilia tena. Tulimbeba kwa zamu, tukamwimbia, nikamnyonyesha huku machozi yananitoka, naye akalia mpaka kukapambazuka. Nikafunga mzigo wangu, nikatoka nje naye mikononi.

Watu walikuwa wamepanga foleni ya uji. Nyapara alimwendea moja kwa moja yule jirani, akijua huyo hamung'unyi maneno.

"Ugonile, baba?"

Jirani alinitazama, kisha akamtazama mume wangu, ambaye hata kikombe alikuwa hajakichukua.

"Nimelala fofofo," akasema. "Jana mtoto hakutoa hata sauti."

Nyapara akamuuliza aliyefuata. Naye alikuwa amelala. Wa nyuma yake pia, na alisema hivyo huku anapiga miayo. Foleni nzima ililala fofofo usiku ule.

Hema la nyapara mwenyewe lilikuwa hatua chache tu kutoka letu. Alituangalia sote, akachukua uji wake, akaenda zake.

Nilitaka kumshukuru jirani, lakini yeye ndiye aliyetangulia kunisogelea, akanyoosha mikono.

"Lete mtoto, mama. Nitakuwa naye mpaka tuitwe kazini. Wewe kalale."

Nikajitupa kwenye zile nyasi. Nilisikia lile lori la Iringa likiwashwa, na usingizi ukanichukua kabla halijaondoka.